Masika Wawili wa Daktari wa Maini

Daktari wa Maini alikuwa na makala nne zilizochapishwa Ulaya, na katika ile ya tatu kuna kosa juu ya mama yangu. Ninaanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe angeanza nalo. Hakupenda mtu azunguke. Akikuuliza unaumwa wapi, nawe ukaanza na habari za mjomba wako, alikuwa anaweka kalamu chini na kungoja mpaka ufike tumboni.

Mimi ninaandika polepole. Niliacha shule mwaka wa sita, vita vilipofunga madarasa, na sikurudi. Lakini maneno yake nimeyashika, kwa sababu nilisema kidogo mbele yake, na mtu asiyesema husikia.

Tulikaa naye kiwanja kwa kiwanja hapa Butembo. Kati yetu ulikuwa ua wa matete tu. Kabla ya vita alifanya kazi hospitali, na akili yake yote ilikuwa kwenye jambo moja: kwa nini watu wa vilima vyetu wanakufa na ini, tumbo likivimba, macho yakigeuka manjano. Makala ya kwanza ilikuwa juu ya kansa ya ini kwa wagonjwa wake. Ya pili ilikuwa juu ya kuvu inayoota kwenye karanga na mahindi. Ya tatu ilikuwa juu ya ugonjwa wa ini unaojificha katika damu ya wanawake wa soko. Ya nne aliiandika vita vikiwa vimekwisha kuingia, juu ya chakula ambacho watu huficha wakikimbia. Orodha yake aliibandika ukutani juu ya kitanda, mahali ambapo wengine hutundika msalaba. Msalaba wake ulikuwa mlangoni.

Kosa lilitokea hivi. Kwetu binti wa kwanza wa nyumba ni Masika, na mvulana wa pili ni Kambale, nyumba yoyote iwe. Ukiita sokoni "Masika, bibi ya Kambale", wanawake wengi watageuka. Siku ya kuchukua damu muuguzi aliwapanga wanawake mstari, akawauliza jina, jina la bwana, na kwao ni wapi. Mwanamke aliyeolewa akiulizwa kwao ni wapi hataji nyumba anayolala, anataja kilima cha baba yake. Mama yangu alijibu Alimbongo, ingawa alikuwa Butembo tangu kabla sijazaliwa. Nyuma yake alisimama mwanamke mwingine aliyekuja na lori la viazi. Naye akajibu: Masika, bibi ya Kambale, Alimbongo.

Mgeni asiyejua majina yetu angewapa namba tangu mlangoni. Daktari alikuwa mtoto wa vilima hivi, alidhani anawajua watu wake. Namba alizitoa baadaye, mezani, akifuata kaye, daftari la muuguzi. Mistari miwili inayofanana aliidhania ni mwanamke mmoja aliyechomwa sindano mara mbili.

Majibu yaliporudi kutoka ng'ambo, chupa moja ilikuwa na ugonjwa, nyingine safi. Hapo akajua ni wanawake wawili. Angeweza kuwapima tena. Lakini vita vya kwanza vilikuwa vinapanda barabara, chupa zilikuwa zimekwisha, na makala ilingojwa. Basi akapima kwa macho. Daktari alimwona mama yangu kila siku akibeba gunia la karanga kichwani huku akiimba. Yule mwingine alikuwa mwembamba, mwenye uso wa kuchoka. Akaandika kwamba mgonjwa ni yule mwembamba. Alikwenda Alimbongo yeye mwenyewe kumwambia, mbele ya bwana yake, aliyekuwa mtu wa kilima hicho hicho. Kwa mama alikuja uani, akasimama karibu na jiko.

"Masika, weye damu yako iko safi."

"Nilijua," mama akasema, akampa karanga za kuchemsha.

Huyo ndiye mtu ninayemwandika. Nataka msomaji ajue kosa lake kwanza, kisha amjue yeye, kama mimi nilivyopaswa kufanya.

Alinunua karanga zilizooza. Soko zima lilimcheka kwa hilo. Wanawake walipochambua, zile zenye vumbi la kijani waliziweka pembeni wakamngojea.

"Dokta, hizi zimeoza, unazitaka za nini?" mama alimwuliza siku moja.

"Ndiyo maana nazitaka."

"Hata nguruwe hapana kuzikula."

"Nguruwe iko na akili."

"Basi nitaanza kuziozesha makusudi, nikuuzie weye peke yako."

"Fanya, Masika. Halafu nitakuandika ndani ya makala, Wazungu wakusome."

Alizichoma ndani ya shimo nyuma ya nyumba yake. Wengine walisema anawalisha mababu. Yeye alisema kuvu ile ina sumu ambayo ini linaikusanya mwaka kwa mwaka bila kulalamika. Lakini vita vilipokuwa vikali, na watu wakarudi kutoka msituni wakafukua unga wa muhogo waliouzika, ukiwa umeota kuvu, alisimama anawatazama wakiutwanga upya asiseme neno. Nilisikia jirani mmoja akimchokoza.

"Dokta, leo hapana kutukataza?"

"Nikiwakataza mutakula nini? Makala yangu?"

Usemi wake mkubwa ulikuwa kwamba ini hapana kulia. Jino linalia, tumbo linalia, hata mfupa unalia. Ini linanyamaza mpaka siku ambayo kusema hakusaidii tena. Usemi huo aliutumia kwangu pia. Nikitumwa kwake na sahani ya ugali nilisimama mlangoni nisibishe hodi, mpaka anione mwenyewe.

"Masika," aliita juu ya ua, "huyu binti yako iko kama ini."

"Mwache. Siku atasema, mutatafuta pa kukimbilia."

Mama aliamini hivyo juu yangu. Mimi sikuamini.

Wakati wa kukimbia, kila nyumba ilikuwa na kitu inachobeba kwanza. Sisi tulibeba sufuria na godoro. Yeye alibeba fardi moja ya plastiki, jalada la karatasi zake, ndani yake makala nne na zile kaye za damu. Safari moja tulikimbia pamoja kuelekea njia ya Beni, na kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari kijana alimvua fardi akaifungua. Alikuta picha ya ini lililopasuliwa.

"Papa, oyo nini?" aliuliza kwa Lingala.

"Maini."

"Ya nyama gani?"

"Ya mutu."

Askari alirudi nyuma hatua mbili. Mwenzake aliyekuwa amekaa juu ya tairi akacheka. "Mwache apite huyo. Atakukula."

Tulipita wote bila kuguswa, magodoro na kila kitu. Mama alicheka mpaka akakaa chini kando ya njia. Daktari hakucheka. Alikuwa anahesabu karatasi kama zimetimia.

Alikuwa na bibi na watoto watatu. Vita vya kwanza vilipoanza aliwavusha mpaka kwenda Uganda, akasema atawafuata akimaliza makala. Alimaliza makala, akaanza nyingine. Barua zilikuja, kisha zikaja kwa nadra, kisha ikaja moja ya mwisho ambayo aliisoma amesimama uani na kuikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kidonge. Tangu hapo alikula amesimama. Mama alimwuliza kwa nini hakai kama mtu.

"Kukaa ni kwa watu wawili," alisema.

Na daktari huyo wa maini, aliyewaambia wanaume wote wa mtaa waache pombe, kila siku ya Mungu baada ya Misa alikunywa kikombe kimoja cha kasiksi. Pombe ile ya ndizi aliinywa akiangalia ukuta, ili mtu asimwone. Sisi watoto tulimwona kupitia matete. Alikuwa mkali juu ya usafi, lakini shati lake lilikosa vifungo. Alisahau majina ya majirani aliosalimiana nao kila siku, huku akikumbuka namba ya mgonjwa aliyekufa miaka mingi iliyopita na rangi ya macho yake.

Kitu kilichomuuma katika makala zake hakikuwa wafu. Kilikuwa safu ya mwisho ya meza, wanakoandikwa watu ambao daktari hakuwaona tena. Kwa Kifaransa husemwa wamepotea machoni. Vita vilijaza safu ile. Aliniambia, "Mutu ambaye haumuone, hapana kusema amekufa. Sema: mie ndiye sikumuona."

Katika vita vya pili mama yangu alianza kuchoka. Kwanza aliacha kuimba. Kisha gunia likamshinda, akauza kwa bakuli. Daktari alipomwona akipita mlangoni, aliniita nimwambie mama aje kwenye mwanga. Alimvuta ngozi ya chini ya jicho. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Nini, Dokta?"

"Ni ini, Masika."

"Si ulisema iko safi?"

Daktari alisema atamletea dawa ya maji ya tumbo, na kweli aliileta, kila siku, mpaka mwisho. Alimchukua damu, na safari hii aliishika chupa mkononi mwake njia nzima mpaka hospitali. Mama hakuuliza tena. Aliuza karanga mpaka wiki aliyolala, na baba, aliyekuwa akilima Mangina, alifika siku moja kabla ya mazishi.

Matanga yalipokwisha na baba akarudi shambani, daktari alikuja uani kwetu. Alikaa chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akaniambia yote niliyoyaandika hapo juu, mwanamke wa viazi, mistari miwili, macho.

Nilimwuliza jambo moja. "Angejua mapema, angepona?"

"Labda hapana. Dawa haikuwa hapa. Lakini angejua. Angepanga mambo yake. Na weye ningekupima zamani."

Alinipima wiki ile. Aliniambia niandike mwenyewe jina langu juu ya chupa, na jina la mama, na la mtaa. Nilichukua muda mrefu. Alingoja bila kuangalia saa. Damu yangu haikuwa na ugonjwa.

Baada ya hapo sikumsalimu miezi mingi. Kupitia matete nilimwona anakula amesimama, naye bila shaka aliniona nikichambua karanga za mama peke yangu. Zilizooza niliziweka pembeni kwa mazoea, kisha nikazitupa mwenyewe. Hakuja kuziomba.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba aliandika Ulaya kusema makala ya tatu ina kosa. Barua ilikwenda na padri aliyesafiri kupitia Kampala. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, la heshima, likisema wataandika sahihisho ikiwa ataleta kipimo kipya cha yule mwanamke aliye hai. Daktari alilisoma jibu hilo akaona mambo mawili. La kwanza, jina lake lingeweza kusafishwa. La pili, huko Alimbongo kulikuwa na mtu aliyebeba kwa miaka yote ugonjwa ambao si wake, na hakuna aliyemwambia.

Lakini askari wa huku na askari wa kule walikuwa wamekata barabara ya kusini. Mara mbili alijaribu kupita, mara mbili akarudishwa, na safari moja walimnyang'anya viatu. Alituma ujumbe kwa wauza viazi. Walirudi na jibu lile lile: Masika yupi, Dokta? Huko Masika ni wengi.

Askari walipopatana na malori yakaanza kushuka tena, daktari alikuja kwenye ua. Alisema juu ya matete, bila kuingia.

"Mwanangu, kesho ninaenda Alimbongo. Nataka twende wote."

Niliendelea kuchambua karanga.

"Nikienda peke yangu nitakuwa dokta tena," alisema. "Atanisikiliza kama dokta. Nataka aone mutu ambaye nilimukosea ni nani."

Nilikwenda. Mpaka leo sijui kama nilikwenda kwa ajili yake, au kwa ajili ya huyo mwanamke, au kwa sababu nyumba ilikuwa kimya.

Alimbongo ni baridi. Ukungu unakaa juu ya mashamba ya viazi hata saa ya mchana, na watu wanatembea wamejifunika. Kwa bwana yake hakuwako tena, tukauliza nyumba kwa nyumba. Tukaambiwa yuko Masika mmoja aliyerudishwa na bwana yake zamani kwa sababu ya ugonjwa wa damu, anakaa nyuma ya nyumba ya dada yake. Dada huyo alikuwa mdogo wake, naye alitupokea vizuri, akatuonyesha kibanda.

Mwanamke alitoka. Alikuwa mwembamba bado, lakini mwenye nguvu, mikono ina udongo wa viazi. Juu ya msumari nje ya mlango kulikuwa na sahani moja ya bati, kikombe kimoja na kijiko, vimefungwa kwa kamba. Daktari aliviona. Aliwahi kumwambia asishiriki wembe na mtu. Mambo ya sahani watu waliyaongeza wenyewe, na mwanamke akayakubali.

Alimtambua daktari mara moja. "Umekuja kuangalia kama nimekufa?"

"Nimekuja kukuambia nilikosa, Mama," daktari alisema. "Ugonjwa haukuwa wako. Damu yako ilikuwa safi. Nilichanganya chupa ya wanawake wawili, halafu nikachagua kwa macho. Nikakuchagua weye."

Mwanamke hakusogea. Dada yake alishika mdomo.

"Haukuwa wangu."

"Hapana."

"Basi ulikuwa wa nani?"

Daktari alinigeukia. Kisha nikasikia sauti yangu.

"Wa mama yangu. Alikufa. Naye aliitwa Masika."

Alinitazama kwa mara ya kwanza, kuanzia viatu kupanda juu.

"Yeye alijua?"

"Hapana, ila mwishoni tu. Aliuza karanga mpaka wiki ya mwisho."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anaimba."

Alikaa juu ya kizingiti. Alipangusa udongo kwenye vidole, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

"Basi mie nilijua kwa nafasi yake," alisema. "Miaka yote hii. Sijabeba mutoto wa mutu tangu ile siku. Batoto ba dada yangu bamekuwa bakubwa, hata mumoja sijamubeba."

Daktari alifungua sanduku lake akatoa sindano. Alieleza juu ya barua ya Ulaya, kwamba wanataka kipimo kipya ili waandike sahihisho. Alieleza kwa unyenyekevu, lakini alieleza kirefu, na nilimwona akiwa tena yule mtu wa fardi.

"Hapana," mwanamke alisema. "Damu ulishachukua. Ilisema kweli. Weye ndiye ulikosa."

"Bila kipimo hawataandika."

"Basi Bazungu basiandike."

Daktari alishika sindano kidogo, kisha akairudisha ndani. "Ni haki yako, Mama," alisema. Makala ya tatu imebaki ilivyo mpaka leo, na jina la daktari liko juu.

Dada mtu ndiye aliyesema yanayohusu Alimbongo. "Dokta, mie nimesikia. Lakini watu wa hapa wanataka karatasi. Walimukimbia kwa maneno ya dokta, hawatarudi kwa maneno ya mudogo wake."

Basi daktari akaandika pale pale, juu ya sanduku, nusu karatasi ya Kiswahili. Aliandika kwamba Masika huyu hana ugonjwa na hakuwahi kuwa nao, na kwamba daktari alikosa. Dada aliisoma polepole.

"Hapa umeandika 'nilikosa mimi'. Ni lazima? Watu watakusema vibaya."

"Ni lazima."

Mwanamke alisema waongeze jina la mama yangu, lile la ubatizo pia, ili Misa iombwe kwa ajili yake. Daktari aliongeza. Katekista angeisoma siku ya Mungu.

Mwanamke huyo alinisihi nibaki mpaka siku hiyo, nami nikabaki. Daktari alikuwa na wagonjwa Butembo. Alipanda lori la viazi, akakaa juu ya magunia peke yake, fardi kwenye mapaja. Lori lilipozama kwenye ukungu, hakupunga mkono. Nafikiri hakujua kama anaruhusiwa.

Siku ya Mungu katekista aliisoma karatasi katika matangazo ya kawaida, kati ya habari ya kazi ya barabara na ndoa mbili. Masika alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kama alivyozoea, nafasi ya mtu mmoja ikiwa tupu kati yake na wengine. Karatasi ilipokwisha hakuna aliyegeuka. Watu walikohoa. Tuliposimama kuimba, mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa ile nafasi akaona kitenge chake kimelegea. Alikuwa na mtoto mikononi. Akamnyoshea Masika mtoto, bila kumtazama, kama mtu anavyompa mwenzake ili afunge nguo vizuri.

Nilirudi Butembo siku iliyofuata. Daktari alikuwa uani kwake, amesimama, sahani mkononi. Nilipita mlango wake bila kungoja aniite, nikamwambia yale niliyoyaona. Aliweka sahani chini.

"Mutoto wa umri gani?"

"Bado hajaota meno."

"Alimubeba muda gani?"

"Mpaka mwisho wa Misa."

Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta kalamu, haukuipata, akauacha mfukoni.

"Alilia?"

"Masika?"

"Mutoto."

"Hapana," nikasema. "Alilala."